Wakongwe wa mieleka: mtaji au mzigo kwa chipukizi?

Biashara inayosimama juu ya jina la mtu mmoja hukabiliwa na swali gumu: mtu huyo akizeeka, wateja watamfuata nani? Swali hilo huulizwa katika maduka ya urithi, katika bendi za muziki na katika klabu za soka. Lakini ni nadra kulikuta likiulizwa kwa fedha nyingi na kwa uwazi kama katika mieleka ya kulipwa ya Marekani, biashara ambayo hisa zake huuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la New York.

Desemba 13, 2025, mjini Washington, John Cena, akiwa na umri wa miaka 48, alipanda ulingoni kwa mara ya mwisho. Alipigwa kabali na Gunther wa Austria, akasalimu amri. Mashabiki wengi ukumbini walizomea, kwani walitaka nyota wao aage kwa ushindi. Kwa jicho la mfanyabiashara, hata hivyo, kilichofanyika usiku ule ni kukabidhi mali. Mzee alikuwa na jina lisilomfaa tena kwa kazi ya ulingoni. Mdogo wake alikuwa na kazi, lakini jina lilikuwa halijamtosha.

Je, wakongwe wa mieleka huwapandisha chati chipukizi kweli, au huwaziba njia? Pande zote mbili zina watetezi wake. Kumbukumbu za biashara hiyo kwa takriban miaka 40 iliyopita zinaonyesha kwamba mkongwe humwinua chipukizi pale tu mkataba na uongozi vinapomlazimisha au kumshawishi kufanya hivyo. Akiachiwa hiari yake, hufanya kama mwenye nyumba yeyote: hukaa.

USHINDI NI MALI YA KAMPUNI

Ikumbukwe kwamba mieleka ya aina hii si ndondi. Matokeo hupangwa kabla ya pambano, na wapiganaji huyajua. Ujuzi wao ni wa kweli na maumivu pia ni ya kweli, lakini mshindi huteuliwa na ofisi. Kwa sababu hiyo, ushindi ni mali ya kampuni, nayo huugawa kama benki inavyogawa mikopo.

Jina la nyota nalo lina hesabu yake. Hujengwa kwa miaka mingi, huuzwa kwa viingilio, kwa fulana na kwa haki za matangazo ya televisheni, kisha huchakaa kama lori. Tofauti ni kwamba lori likichakaa huuzwa kwa bei ya chuma chakavu, wakati jina la mwanamieleka linaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine likiwa bado na thamani. Uhamisho huo hufanyika mbele ya watu, pale mashabiki wanapoona kwa macho yao kwamba mkubwa amepata wa kumtosha.

Lakini uhamisho huo una masharti. Mkongwe aliyekwisha kuanguka mara kumi hana cha kurithisha, na chipukizi ambaye kampuni haina mpango naye wiki inayofuata hawezi kukipokea. Kushindwa kwa nyota mkubwa ni bidhaa adimu. Ikiuzwa mahali pabaya au kwa bei mbaya, haijazwi tena ghalani.

KAMPUNI ILIYOKULA MBEGU

Mfano unaofaa kuwekwa mbele ya kila mwekezaji ni wa WCW, kampuni ya mieleka iliyokuwa chini ya tajiri wa televisheni Ted Turner tangu mwaka 1988. Mwaka 1994 kampuni hiyo ilimchukua Hulk Hogan, nyota aliyekuwa ameijenga WWF katika miaka ya 1980. Julai 1996 Hogan, akikaribia miaka 43, aligeuka kuwa mtu mbaya na kujiunga na Kevin Nash na Scott Hall, nao walikuwa wametoka WWF. Biashara ilishika moto. Kipindi cha WCW cha kila Jumatatu, Nitro, kiliipiku WWF kwa idadi ya watazamaji kwa wiki zaidi ya 80 mfululizo, hadi Aprili 1998.

Watetezi wa wakongwe wana haki ya kuutaja mfano huu. Bila Hogan na wenzake, WCW isingefika huko. Mkongwe huleta wateja mlangoni, na chipukizi hawezi kuonekana katika ukumbi mtupu. Hoja hiyo ni ya kweli, na haipaswi kupuuzwa.

Tatizo lilikuwa ndani ya mikataba. Mkataba wa Hogan ulimpa haki ya kukubali au kukataa matokeo ya mapambano yake mwenyewe, jambo lililothibitika baadaye mahakamani alipoishitaki kampuni hiyo kufuatia mzozo wa Julai 2000. Kwa lugha ya biashara, kampuni ilikuwa imemkabidhi mfanyakazi funguo za ghala. Nyota wa namna hiyo hapotezi pambano kwa sababu ya kesho ya kampuni. Hupoteza akipenda, na kwa bei anayoitaka.

Hata alipokubali, mambo yalikwenda ovyo. Julai 6, 1998, katika uwanja wa Georgia Dome mjini Atlanta, Hogan alipigwa na Bill Goldberg, kijana wa miaka 31 aliyekuwa hajawahi kushindwa. Watu takribani 40,000 walikuwepo. Lakini pambano hilo lilionyeshwa bure katika kipindi cha kawaida cha Jumatatu, badala ya kuwekwa katika maonyesho ambayo mtazamaji hulipia moja moja akiwa nyumbani. WCW iliuza dhahabu yake kwa bei ya mchanga ili iishinde WWF kwa usiku mmoja.

Miezi michache baadaye hata faida ya usiku ule iliondolewa. Desemba 27, 1998, Nash, aliyekuwa na umri wa miaka 39, alivunja rekodi ya Goldberg kwa msaada wa silaha ya umeme iliyotumiwa na Hall. Januari 4, 1999, katika uwanja ule ule wa Georgia Dome, Nash naye alijilaza chali baada ya kuguswa kifuani kwa kidole kimoja na Hogan, na mkanda wa ubingwa ukarudi kwa mzee wa miaka 45. Katika muda wa siku nane, mali yote aliyorithishwa chipukizi ilikuwa imerudi kwa warithishaji.

Waliokuwa wakisubiri zamu yao waliona ishara. Chris Jericho aliondoka mwaka 1999. Januari 2000 Eddie Guerrero aliondoka na wenzake watatu kwa pamoja. Wote walihamia kwa mshindani. Huko nyuma, mwaka 1995, WCW ilikuwa imemwachisha kazi Steve Austin akiwa majeruhi, ikiamini kwamba hawezi kuuza tiketi. Machi 2001 WWF iliinunua WCW yenyewe, jina lake, maktaba yake ya mikanda na baadhi ya mikataba, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 5. Nitro ya mwisho ilirushwa Machi 26 mwaka huo.

Ni kweli kwamba WCW haikuuawa na wakongwe peke yao. Kulikuwa na matumizi yasiyo na mpaka, na wakuu wapya wa televisheni hawakuitaka tena mieleka katika vituo vyao. Lakini mkulima aliyekula mbegu zake hawezi kuilaumu mvua peke yake.

UPANDE WA PILI WA MTAA

Wakati WCW ikishikilia wazee, WWF ilikuwa na hali ngumu ya fedha na haikuwa na njia nyingine ila kulima upya. Machi 23, 1997, karibu na Chicago, Bret Hart, akiwa na miaka 39, alipambana na Austin, miaka 32. Hart ndiye aliyeshinda. Austin alibanwa miguu na mgongo, damu ikamtapakaa usoni, lakini alizimia bila kusalimu amri. Mashabiki waliingia ukumbini wakimchukia, wakatoka wakimshangilia. Hart alishinda pambano na Austin akaondoka na biashara.

Mwaka uliofuata, Machi 29, 1998 mjini Boston, Shawn Michaels alimwachia Austin mkanda wa ubingwa akiwa na mgongo ulioumia kiasi kwamba hakupanda tena ulingoni kwa miaka minne. Wiki mbili baadaye WWF iliipiku Nitro kwa mara ya kwanza tangu 1996. Oktoba 1999 kampuni hiyo iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 17 kila moja, hisa milioni 10 zikatolewa, na fedha zikapatikana za kuendeshea vita. Mwekezaji aliyenunua hisa siku ile alikuwa ananunua Austin na The Rock. Watu hao wawili wasingekuwa na thamani hiyo kama Hart na Michaels wasingefanya kazi yao.

MTU YULE YULE, MKATABA MWINGINE

Wapo wanaosema kwamba hayo yote ni suala la tabia, kwamba Hart alikuwa muungwana na Hogan mchoyo. Historia haiungi mkono maelezo hayo mepesi. Mwaka 2002 Hogan alirudi WWF, mahali ambapo ofisi ndiyo iliyokuwa inashika kalamu. Machi 17, mjini Toronto, mbele ya watu zaidi ya 68,000, alishindwa na The Rock bila hila wala kisingizio. Agosti mwaka huo huo alibanwa na kuzimishwa na Brock Lesnar, kijana wa miaka 25, na siku chache baadaye Lesnar akampiga The Rock na kuwa bingwa.

Hogan, ambaye alifariki Julai 2025 akiwa na miaka 71, hakuwa amebadilika moyo kati ya 1999 na 2002. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na neno la mwisho. Hilo ndilo somo kwa mwajiri yeyote: usitegemee hisani mahali ambapo unaweza kuandika mkataba.

Hata hivyo, kurithisha nako kuna hatari zake. Lesnar aliyepewa yote hayo aliondoka mwaka 2004 kwenda kujaribu soka ya Kimarekani. Mtaji wa mieleka una miguu. Kampuni inayoweka urithi wote kwa mrithi mmoja hucheza kamari, na ndiyo maana busara ni kuugawa kwa watatu au wanne.

NJIA TATU ZA KURITHISHA

Kutokana na mifano hiyo inaonekana kwamba mkongwe ana njia tatu za kumwinua mdogo wake. Ya kwanza ni kushindwa waziwazi, kama Hogan mwaka 2002. Ya pili ni kupigana naye kwa namna inayomfanya mdogo aonekane sawa naye, hata kama hakushinda. Machi 27, 1988, mjini Greensboro, Ric Flair, bingwa wa miaka 39, alipambana kwa dakika 45 na Sting, kijana wa miaka 29 ambaye wengi walikuwa hawajamzingatia. Walitoka sare. Sting alishuka ulingoni akiwa nyota.

Njia ya tatu ni kusimama pembeni yake. Sting huyo huyo, alipojiunga na kampuni changa ya AEW Desemba 2020, hakujitafutia ubingwa wake peke yake. Kwa zaidi ya miaka mitatu aliungana na Darby Allin, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe. Machi 3, 2024, akiwa na miaka 64, alipigana pambano lake la mwisho katika ukumbi ule ule wa Greensboro, Allin akiwa upande wake, mbele ya watu zaidi ya 16,000. Walishinda. Hapakuwa na haja ya kushindwa, kwa sababu jina lilikuwa limehamishwa kidogo kidogo, kama fundi anavyomwachia mwanagenzi wake nyundo.

Njia hizo tatu zinafanana katika jambo moja. Mkongwe alilipa kitu. Alitoa mwili, nafasi au muda. Pale ambapo mkongwe anakuja kuchukua fedha na kuondoka, hakuna kilichorithishwa.

FEDHA ZA GHUBA

Hapo ndipo WWE, jina linalotumiwa na WWF tangu 2002, ilipopata kishawishi kikubwa. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliingia mkataba wa miaka 10 na Saudi Arabia. Fedha zilikuwa nyingi, na maonyesho ya mwanzo yalijazwa majina ya zamani. Novemba 2018 mjini Riyadh, Shawn Michaels alitolewa katika kustaafu kwake akiwa na miaka 53. Juni 2019 mjini Jeddah, Goldberg wa miaka 52 na The Undertaker wa miaka 54 walipambana katika joto kali. Goldberg aligonga kichwa kwenye nguzo ya ulingo, na nusura amwangushe mwenzake kwa shingo.

Mabaya zaidi kwa hesabu ya kesho yalikuja Februari 27, 2020, pale Goldberg, sasa akiwa na miaka 53, alipompiga Bray Wyatt wa miaka 32 kwa dakika chache tu na kumnyang'anya ubingwa. Wyatt alikuwa ndiye mhusika mpya aliyeuza zaidi katika kampuni wakati huo. Jambo kama hilo lilikuwa limefanyika Machi 2017, pale Goldberg alipomaliza kazi na Kevin Owens kwa sekunde 22. Tiketi ziliuzwa na malipo yalipokelewa. Lakini katika daftari la hesabu, mapato yaliandikwa upande mmoja na hasara ya mali haikuandikwa popote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano wa The Undertaker una mjadala wake. Kwa miaka 23 hakuwahi kushindwa katika WrestleMania, na mwaka 2014 ofisi ilimpa Lesnar nafasi ya kuvunja rekodi hiyo. Lesnar alikuwa na miaka 36, tayari alikuwa nyota, na kwa mkataba wake alifanya kazi siku chache tu kwa mwaka. Akiba ya miaka 23 iliwekwa mikononi mwa mtu ambaye hakuwa na shida nayo. Ilibidi Roman Reigns asubiri hadi Agosti 2018 ndipo alipompiga Lesnar na kuchukua ubingwa, na kwa wakati huo baadhi ya mashabiki walikuwa wamechoka kusubiri.

ANAYELIPIA NI NANI

Mjadala huu huonekana kama burudani, lakini kuna watu wanaoulipia kwa miaka yao ya kazi. Wanamieleka wa WWE huhesabiwa kuwa wakandarasi wa kujitegemea, si waajiriwa. Mwili wa mwanamieleka hauna miaka mingi ya kiwango cha juu. Chipukizi anayewekwa chini ya mkongwe kwa miaka mitano amepoteza pengine theluthi ya maisha yake ya kipato, na hakuna mahakama itakayomrudishia.

Hata katika mfano mzuri wa Cena dosari hiyo inaonekana. Aprili 2025 alichukua ubingwa kutoka kwa Cody Rhodes, na Agosti akaurudisha kwake. Rhodes alikuwa na miaka 40. Gunther aliyemzima Desemba alikuwa na miaka 38. Wanaoitwa warithi katika biashara hii wana umri ambao katika soka ni wa kustaafu. Ni Dominik Mysterio tu, mwenye miaka 28, aliyepata kitu kutoka kwa Cena akiwa bado kijana, pale aliporudisha mkanda wake wa pili kwa ukubwa mwezi Novemba. Foleni imekuwa ndefu kwa sababu waliotangulia walikawia kutoka mlangoni.

MWEKEZAJI AANGALIE NINI

WWE sasa ni sehemu ya kampuni ya TKO, iliyoundwa Septemba 2023 kwa kuunganishwa na UFC. Kipindi chake cha Raw kilihamia Netflix Januari 2025 kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5. Mikataba mirefu ya namna hiyo inaweza kumlewesha mwenye hisa. Fedha zimeahidiwa kwa miaka 10, lakini hakuna mwanamieleka wa miaka 45 atakayekuwa ulingoni miaka 10 ijayo. Atakayekuwepo ni yule ambaye leo ana miaka 25, na thamani ya mkataba utakaofuata itapimwa kwa jina lake.

Kwa hiyo mwenye kuchunguza kampuni ya aina hii, au biashara yoyote inayouza majina ya watu, asiishie kwenye mapato ya mwaka. Aulize maswali matatu. Kwanza, mabango ya mwaka huu yana sura ngapi ambazo hazikuwepo miaka mitano iliyopita? Pili, mikataba ya wakubwa inampa nani neno la mwisho? Tatu, mkongwe alipopita mara ya mwisho, ni nani aliyebaki akiwa na bei kubwa kuliko aliyokuwa nayo kabla?

Majibu yakiwa mabaya, mapato makubwa ya leo ni dalili ya ugonjwa. WCW ilijaza kumbi wiki ile ile iliyokuwa inajichimbia kaburi. Goldberg alikuwa mbele ya watu 40,000 mwezi Julai 1998, na miaka mitatu haikutimia kabla ya kampuni kuuzwa kwa bei ya jengo moja la ghorofa.

Wakongwe wana nafasi yao, na anayewafukuza mapema hufunga duka kwa haraka sawa na anayewang'ang'ania. Jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko huo ugawiwe vijana ukiwa bado unalika, na ofisi ndiyo ishike mwiko.